Siku ya Tisini na Nne

Mwalimu Kaltapau alipanda ngazi ya mianzi hadi juu ya paa la ofisi, akaanza kuifuta sola kwa kitambaa kibichi. Usiku mlima wa moto wa kisiwa jirani ulikuwa umepumua tena, na kila kitu shuleni, kuanzia majani ya mchaichai hadi kengele ya ibada, kilikuwa na vumbi la kijivu. Alifuta kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari. Hivyo ndivyo mke wake alivyokuwa akifuta. Sola hiyo ilijaza betri ambayo hakuna mtu aliyeigusa kwa muda wa miezi mitatu, lakini asubuhi zote hizo aliifuta.

"Mwalimu!" Leimara wa darasa la pili alikuwa amesimama chini ya ngazi, vidole vyake vyeupe kwa chaki. "Leo nimechora mimi. Tisini na nne."

"Umehesabu vizuri?"

"Mara mbili. Zimebaki sita. Nilitaka nichore na ya kesho, wenzangu wakanikataza."

"Wamefanya vizuri. Ya kesho ni ya kesho."

"Na ndevu zako nazo zimebaki sita," alisema Leimara, akakimbia kabla hajajibiwa.

Kaltapau alishuka, akasuuza kitambaa, akakianika dirishani. Ofisini, kwenye mpini wa kabati, lilining'inia jani la namele lililofungwa kwa kamba ya nyuzi za nazi. Lilikuwa limekauka na kuwa la kahawia. Watoto wa shule ya Siloamu walipoingia ofisini kuchukua chaki walizunguka mbali nalo, wakipita karibu na ukuta. Jani hilo likifungwa na chifu, kitu kimefungwa.

Ndani ya kabati kulikuwa na tableti kumi na moja na kisanduku cheusi, kidogo kama Biblia ya mfukoni. Kisanduku hicho kilitoa masomo bila intaneti: vitabu vya bure, hesabu, sayansi, ramani, habari za manabii. Kililetwa miaka minne nyuma na Mradi wa Taa ya Neno, mradi wa makanisa ya ng'ambo wenye ofisi mjini Vila. Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Darasa la nane waliyashika. Wa darasa la kwanza waliyatazama kama mtu anavyotazama mvua dirishani.

Leinasei, mke wa Kaltapau, aliyefundisha madarasa mawili ya chini kwa miaka kumi na tisa, aliwaangalia wiki moja. Kisha akaanza kutengeneza masomo yake mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha. Alisoma maelezo yaliyokuwa ndani ya kisanduku, neno kwa neno, akiwa na kamusi mapajani. Alichora picha kwa kalamu, akazipiga kwa simu yake, akarekodi sauti kwa lugha ya kijiji, akaviingiza. Masomo mia moja arobaini na sita, kwa miaka mitatu. Alirekodia jikoni. Katika somo la tatu jogoo anawika. Katika somo la thelathini na moja, katikati ya habari ya Nuhu, anasema, "Subirini, chungu kinafurika," kisha zinasikika nyayo zake zikienda, mfuniko unagonga, halafu kimya kirefu, halafu anarudi. Kaltapau alimwambia arekodi upya.

"Kwa nini?" alimuuliza. "Kwani kwao hakuna chungu?"

Watoto walilipenda hilo kuliko yote.

Alikufa mwezi wa tano, kwa presha, mezani, akiwa anasahihisha madaftari. Walimzika na Biblia yake, miwani yake na simu yake. Siku tano baada ya mazishi, mwalimu wa zamu aliwafungulia darasa la pili somo la kumi na mbili, na sauti ya Leinasei ikatoka dirishani ikiita majina ya herufi. Tarimas, kaka yake, alikuwa akipita na mzigo wa magimbi. Aliweka mzigo chini, akakaa barabarani. Jioni ile alikwenda kwa chifu, na chifu akaja na jani. Mpaka siku ya mia itimie, mtu asiisikie sauti ya marehemu. Hakuna aliyejua namna ya kufungia sauti yake peke yake, kwa hiyo kisanduku chote kilifungwa.

Kaltapau hakubisha. Alikuwa mume. Mume hawezi kwenda kwa chifu kuomba msiba wa mke wake uharakishwe. Wanafunzi kumi na tisa wa darasa la nane waligawana vitabu vinne vya zamani, na mtihani ulikuwa wiki nane mbele. Wazazi wao waliuliza habari za shule kwa upole, kisha wakabadilisha mazungumzo.

Walikuwa katikati ya wimbo wa asubuhi meli ilipopiga honi. Mwalimu wa darasa la sita alimwangalia Kaltapau. Meli ilikuwa ije baada ya wiki mbili.

Waliomaliza kuimba walikuwa wachache. Mashua ya meli ilishusha mchele, petroli, bibi mmoja aliyetoka hospitali, na msichana aliyevaa fulana ya Mradi, sketi imelowa hadi magotini, sanduku la plastiki begani. Wanawake waliokuwa wakisubiri mizigo yao walimpokea kwa kelele.

"Shika vizuri, mama, usije ukatuoshea kompyuta!"

"Iko salama," alisema. "Mimi ndiye nimeoshwa."

Aliitwa Rosina Tabi. Kaltapau alikuwa amewahi kumsikia kwenye simu tu. Alimpeleka ofisini, na msichana akasimama mlangoni. Alikuwa ameliona jani. Alirudisha mguu nyuma.

"Nani?" aliuliza taratibu.

"Mke wangu."

"Pole sana, mzee. Siku ya ngapi?"

"Ya tisini na nne."

Rosina aliketi kwenye kizingiti, sanduku mapajani. "Sisi wa kisiwa cha Pentekoste tuna desturi hiyo hiyo," alisema. "Meli imebadilisha safari. Wiki mbili zijazo inaingia matengenezo. Niliwaambia ofisini watu hawajajiandaa, wakasema nenda tu." Aligonga sanduku kwa kidole. "Mzee, nimekuja kuweka programu mpya. Mtaala wa darasa la nane umebadilika, masomo mapya yote yamo humo. Maswali ya mazoezi pia."

"Tumeyasubiri sana hayo."

"Lakini ikiingia, inafuta yaliyokuwemo."

"Yote?"

"Yote. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Alitoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa na saini ya Kaltapau, ya mwaka jana, chini ya kurasa sita za Kiingereza. Kaltapau alikumbuka alivyozisoma, jioni mbili, na kamusi ile ile. Alikuwa ameelewa kwamba vifaa vitafanywa vipya. Hakuelewa zaidi ya hapo, na ukweli ni kwamba haikuwa imeandikwa zaidi ya hapo.

"Masomo ya mke wangu yamo humo," alisema.

"Hayako kwingine? Simu?"

"Simu tulimzika nayo."

Rosina alitazama sakafu. Kisha akafungua daftari lake, na humo kulikuwa na orodha. "Hata ofisini waliyapitia, yale aliyowatumia kama mfano. Wameandika hapa. Somo la hamsini na mbili, mfano wa kondoo aliyepotea. Wanasema amemgeuza kondoo kuwa nguruwe. Lirekebishwe au liondolewe."

"Hapa hakuna kondoo."

"Najua, mzee. Mimi kondoo wa kwanza kumwona alikuwa amechorwa kwenye kikombe."

Kaltapau alitabasamu kidogo ndani ya ndevu. Halafu akauliza swali alilokuwa nalo tangu aliposikia kwamba yote yatafutwa. "Tunaweza kuyanakili kwanza?"

"Memori kadi ninayo, tupu kabisa. Meli inazunguka kuchukua kopra upande wa pili, inarudi saa tisa." Aliangalia kabati. "Lakini hilo jani siligusi. Hata wanifukuze kazi."

"Hapana, wewe usiguse. Ni la kaka yake."

Shamba la Tarimas lilikuwa juu mlimani, mwendo wa saa moja. Walikwenda wote wawili, kwa sababu mahali pekee penye mtandao palikuwa njiani, kwenye kona ya jiwe refu. Pale Rosina alisimama, akainua simu juu ya kichwa, akaishusha, akapiga. Kaltapau alikaa pembeni asisikilize, lakini upepo ulikuwa upande wake. Alisikia msichana akieleza habari ya msiba mara mbili. Alisikia akisema, "Siku sita tu, bosi." Kisha ilikuwa ndiyo, ndiyo, sawa.

"Anasema shule isiyowekewa safari hii inaondoka kwenye orodha mpaka mwaka ujao," Rosina alisema aliporudi. "Programu haiwekwi bila nenosiri langu, kwa hiyo siwezi hata kukuachia. Anasema wanawaombea."

"Mshukuru," alisema Kaltapau, na alikuwa anamaanisha.

Tarimas alikuwa anachimba mashimo ya viazi vikuu. Aliwaona wakipanda, akaegemea mti wa kuchimbia.

"Shemeji! Ndevu hizo kuku wakiziona watataga. Umekuja kunisaidia kuchimba au umeniletea mchumba?"

"Nimekuletea tatizo."

Alimweleza polepole, tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Meli, programu, darasa la nane, mtihani, orodha. Tarimas alisikiliza akiwa anavunja bonge la udongo kwa vidole.

"Sita," alisema mwishoni. "Sita tu, shemeji. Huyu binti hawezi kusubiri siku sita?"

"Binti anaweza. Meli haiwezi."

"Basi iende."

"Ikienda, darasa la nane wanaingia kwenye mtihani na vitabu ambavyo havitumiki tena. Kumi na tisa. Mtoto wa chifu yumo. Wa kwako yumo."

Tarimas alitema mate pembeni. Rosina aligeuka kuangalia bahari ili asionekane anasubiri.

"Unajua nilifanya nini siku ile?" Tarimas alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu wanasema nilikaa chini. Kabla ya kukaa, niliitika. Nilimzika Jumatano, Jumatatu nikasikia kama ananiita dirishani, nami nikaitika, naaam, kama mtoto. Mbele ya watu. Niliona nyuso zao." Alipangusa mikono kwenye kaptula. "Yafungue. Nakili unachotaka. Lakini sauti yake isitoke. Hata neno moja, hata pumzi, mpaka siku yake."

"Haitatoka."

"Nipe mkono."

Kaltapau alimpa mkono. Ulikuwa na udongo, na hakuufuta.

Ilikuwa saa sita na nusu chifu alipofika ofisini. Tarimas alitandika mkeka mmoja mbele yake na kuweka juu yake mzizi wa kava, ule wa kutengenezea kinywaji cha wazee, kuomba radhi kwa siku sita zilizokatwa. Chifu aliomba kwa ufupi, akafungua fundo kwa mkono wa kushoto, akalilaza jani kwenye kizingiti cha dirisha. Halafu akaondoka bila kumwangalia mtu. Kaltapau alikifungua kisanduku, akachomeka waya, na taa ndogo ya kijani ikawaka. 

Rosina alikiunganisha na kompyuta yake. Kabla ya jambo lolote alizima sauti, akamwonyesha Tarimas alama ya spika iliyokatwa mstari. Tarimas aliitikia kwa kichwa, akabaki mlangoni. Kwenye kioo kulikuwa na folda yenye jina Leinasei, na ndani yake folda mbili: Picha na Sauti.

"Ninakili zote?"

"Zote."

Mstari wa bluu ulianza kutambaa. Saa mbili na dakika kumi, kompyuta ilisema. Kaltapau aliangalia saa ya ukutani, akajumlisha. Ingetosha, kwa tabu.

Hawakuwa na la kufanya ila kukaa. Mwalimu wa darasa la sita aliwaletea laplap ya ndizi kwenye jani, wakala wakiangalia mstari. Baada ya nusu saa kompyuta ilisema saa mbili na dakika ishirini.

"Imeongezeka," alisema Kaltapau.

"Huwa inafanya hivyo. Kisanduku ni cha zamani."

Walipofika asilimia arobaini Rosina alisogeza kidole. "Mzee, tufungue moja tu, tuone kama yanaingia sawasawa. Sauti nimezima."

Kaltapau alimtazama Tarimas.  Tarimas alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mashua.

"Kidole kikiteleza?" Kaltapau aliuliza.

"Hakitateleza."

"Hapana, binti. Tumeahidi. Tuache tu yaingie."

Rosina alirudisha mkono mapajani.

Saa nane na nusu meli ilipiga honi. Haikuwa saa tisa, lakini bahari ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na nahodha alikuwa na mizigo ya visiwa vingine viwili. Mtu alikuja mbio kutoka ufukweni: mashua inasubiri robo saa, haizidi.

Mstari ulikuwa kwenye hamsini na nane.

"Naweza kusema sikuweza," alisema Rosina. Alikuwa anaongea haraka sasa. "Nitasema betri iliisha. Nilisema hivyo kwa shule moja ya kisiwa cha Epi, wakanipa barua ya onyo. Nyingine ikija, ije. Sema wewe, mzee."

Kaltapau alichukua kipande cha karatasi. Mia moja arobaini na sita, mara hamsini na nane, gawanya kwa mia. Aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Themanini na nne, na kidogo zaidi. Nje, kwenye darasa la nane, walikuwa wakisoma kwa pamoja swali la hesabu, watano watano kwa kitabu, na aliyekuwa mbali na kitabu alikuwa akirudia maneno ya mwenzake. Themanini na nne ni zaidi ya nusu. Nyumba ikiungua, mtu anayetoka na zaidi ya nusu anamshukuru Mungu. Alijiambia hivyo, akaangalia tena hesabu yake, ilikuwa sahihi.

"Weka," alisema.

Rosina aliichomoa memori kadi. Aliandika nenosiri. Programu mpya iliingia kwa dakika tisa, tableti zote kumi na moja kwa pamoja. Katika dakika hizo Kaltapau alijaza fomu. Vifaa vilivyopokelewa. Idadi ya wanafunzi, wavulana, wasichana. Mwishoni kabisa: Je, kuna masomo au kumbukumbu zilizopotea? Ndiyo. Hapana.

"Ukiweka ndiyo," Rosina alisema bila kumwangalia, "wanasimamisha shule mpaka wachunguze. Inachukua miezi."

Kaltapau aliweka alama kwenye hapana.

Ilibaki picha. Mradi ulitaka picha ya wanafunzi wakiwa na tableti, wakifurahi. Darasa la pili ndilo lililokuwa karibu. Walipangwa mbele ya ofisi, wakainua vioo vyeusi juu, na Kaltapau akasimama nyuma yao na ndevu zake.

"Mcheke kidogo," Rosina aliwaambia, na sauti yake haikuwa nzuri.

Walicheka. Walikuwa watoto watiifu. Leimara aliuliza kama Mwalimu Leinasei amerudi ndani ya kioo, lakini mashua ilikuwa inaita, na Rosina akakimbia na sanduku lake begani.

Kaltapau aliifunga memori kadi ndani ya jani la namele, akalizungushia ile kamba ya nazi, akalirudisha kabatini. Zilikuwa zimebaki siku sita, na alizihesabu kama watoto walivyozihesabu. Siku ya pili na ya tatu darasa la nane walibeba kisanduku na betri mpaka kwenye jiwe refu, wakibadilishana mabega, kwa sababu kila somo jipya lilipoguswa, kioo kiliandika kwamba liunganishwe kwanza na intaneti, mara moja tu. Mtandao ulikuwepo na ulikatika. Siku ya nne kioo kiliandika kwamba ombi lao limepokelewa na linasubiri idhini. Siku ya tano kiliandika hivyo hivyo. Walirudi na betri, wakachukua vitabu vinne.

Siku ya mia ukoo mzima ulikusanyika shuleni. Nguruwe alichinjwa, laplap ikafukiwa na mawe ya moto, na chini ya paa la ukumbi wanaume wa ukoo walinyolewa ndevu mmoja mmoja. Uso wa Kaltapau ulitokea mdogo na mweupe kidogo mashavuni. Leimara alimkagua pande zote mbili.

"Umekuwa kijana," alimwambia. "Sasa mfungulie Mwalimu."

Mikeka ilitandikwa. Watoto wa darasa la kwanza na la pili walikaa mbele, magoti yakigusana, kisha kina mama, kisha Tarimas, aliyekuwa amevaa shati la kanisani. Tableti hazikukubali kufungua kitu kingine isipokuwa masomo ya Mradi, kwa hiyo Kaltapau aliiweka kadi kwenye simu yake mwenyewe, yenye ufa kwenye kioo. Alipandisha sauti mpaka mwisho.

Picha zilikuwemo. Zote mia moja arobaini na sita: kiazi kikuu, mtumbwi, nguruwe aliyepotea akichungulia nyuma ya mgomba. Leinasei alizipiga kwa ukubwa wote ambao simu yake iliweza, na zilikuwa nzito. Kaltapau aliifungua folda ya Sauti. Ilikuwa tupu. Aliifunga, akaifungua tena. Kompyuta ilikuwa imeanza na folda ya kwanza, na hapo ndipo muda ulipoishia. Kama wangefungua moja tu kuitazama, siku ile, sauti ikiwa imezimwa, wangeona.

"Mbona hasemi?" aliuliza Tarimas.

"Hayumo," alisema Kaltapau.

"Umesema zaidi ya nusu."

"Ni picha, shemeji. Nusu yote ni picha."

Tarimas alifungua mdomo. Kaltapau alimwona akifikia wazo ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameshalifikia: mlango, mikono miwili, neno lake la kule shambani.  Alivua kofia, akaiweka kwenye goti, akaishika hapo.

Kina mama walianza kulia chini chini. Watoto hawakuelewa. Walikuwa wamesubiri alama mia za chaki, na picha ya kwanza ilikuwa mbele yao kwenye kioo chenye ufa. Wakasubiri. Kisha Leimara, ambaye hakuwahi kuweza kusubiri, akaanza.

"Watoto wangu, hamjambo. Leo tunaanza na mdomo. Fungueni mdomo, a."

Ilikuwa lugha ya kijiji, na ilikuwa mpando wa sauti ya Leinasei, na kituo chake, na kikohozi chake kidogo kabla ya herufi. Darasa la pili lote lilimfuata. Kaltapau alisogeza picha. Waliijua. Alisogeza nyingine. Kwenye ya tatu wavulana wawili waliwika kama jogoo, mahali pake hasa, na hakuna aliyecheka, kwa sababu hiyo ilikuwa sehemu ya somo.

Kaltapau hakuwaachia wapumzike, hakujua namna ya kusimama. Darasa la kwanza walikuwa wamefika somo la ishirini na nane Leinasei alipokufa. Picha hiyo ilipopita walinyamaza, wakawa wanatazama midomo ya wakubwa wao.

Picha ya thelathini na moja ilikuwa mtumbwi wa Nuhu wenye tanga la mkeka, na kuku wamepangwa ukingoni. Darasa la pili waliwaingiza wanyama wote, wawili wawili. Wakafunga mlango. Mvua ikaanza.

"Subirini," walisema kwa pamoja, "chungu kinafurika."

Wakanyamaza.

Ukumbi wote ulikuwa kimya. Moto wa laplap ulilia nje. Kaltapau alishikilia simu juu, bila kusogeza picha. Msichana mdogo wa darasa la kwanza aliinama sikioni mwa Leimara akaanza kuuliza kitu, na Leimara akamwekea kiganja mdomoni.

"Bado," alinong'ona. "Hajarudi."